Suruali ya mwanaume: jinsi ya kuchagua inayokaa vizuri na kudumu, kuanzia mezani Mwanga hadi kwa fundi

Simama kidogo kwenye meza za suruali Soko la Mwanga, hapa Kigoma, utaona karibu kila mwanaume anaanza na kiuno. Anasoma namba, anaizungusha suruali shingoni, ncha zikikutana anauliza bei. Kumbe kiuno ndicho chepesi kuliko vyote kurekebisha. Fundi wa kawaida anakupunguzia inchi moja au mbili huku umekaa kwenye benchi lake unasubiri. Urefu nao ni hivyo hivyo, mradi suruali isiwe fupi. Kinachosumbua ni msamba, makalio na mapaja. Hapo suruali ikiwa haiendani na mwili wako, fundi hata awe hodari vipi atakuwa anaziba tu.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na utaratibu wa mezani: tunachagua kwa kufuata sehemu zisizorekebika, halafu zile zinazorekebika tunampelekea fundi. Unafaa kwa mtumba, kwa suruali mpya ya dukani, na kwa atakayeamua kushonesha.

Hatua ya kwanza: pima suruali, usipime mwili

Kabla hujatoka nyumbani, chukua suruali yako moja ambayo ukiivaa husumbuki nayo kutwa nzima. Ifunge kifungo na zipu, ilaze kitandani, inyooshe, kisha uipime kwa futi ya fundi. Kujipima mwilini kunadanganya: ukijua unapimwa unavuta tumbo, na ukijipima mwenyewe futi inapinda mgongoni bila wewe kuona.

Pima kiuno kutoka ukingo hadi ukingo, zidisha mara mbili. Pima msamba wa mbele: anzia pale mishono minne inapokutana katikati ya miguu, panda na zipu hadi juu ya ukanda wa kiuno. Kwa wanaume wengi inaangukia kati ya inchi 10 na 12. Pima na msamba wa nyuma vivyo hivyo. Siku zote utakuwa mrefu kuliko wa mbele kwa sababu lazima uzunguke makalio. Paja lipime inchi moja chini ya msamba, kutoka mshono wa ndani hadi wa nje. Mwisho pima upana wa mdomo wa mguu na urefu wa ndani, yaani kutoka msambani hadi kwenye pindo.

Namba hizo sita ziandike kwenye simu, na ukienda sokoni beba futi mfukoni. Wauzaji wengine watakucheka kidogo, lakini hawakuzuii kupima. Faida yake utaiona siku soko limejaa na huna pa kujaribia: unalaza suruali mezani, unapima msamba na paja, na kabla hujaivaa unajua kama kuna haja ya kuendelea nayo.

Hatua ya pili: isome lebo, lakini usiiamini

Suruali za mtumba zinatoka nchi tofauti na kila nchi ina namba zake. Lebo ya W34 L32 inasema kiuno inchi 34, urefu wa ndani inchi 32. Lebo za Ujerumani au Italia huandika 48, 50, 52. Toa 16 upate inchi za kiuno, kwa hiyo 50 ni sawa na 34. Lebo za Kichina mara nyingi zina namba mbili, mfano 175/84A: 175 ni urefu wa mvaaji na 84 ni kiuno, vyote kwa sentimita. Inchi moja ni sentimita 2.54, hivyo 84 ni kama inchi 33.

Sasa tatizo. Makampuni mengi huandika namba ndogo kuliko kipimo halisi ili mteja ajione mwembamba. Suruali yenye lebo ya 34 inaweza kuwa 36 ukiiwekea futi. Kwenye mtumba ongeza na hili: mwenye nayo wa kwanza ameshaifua mara nyingi, labda imerudi, labda aliipunguza kiuno. Lebo ikusaidie kuchambua lundo, uamuzi ufanye kwa futi.

Na ile ya shingo? Sikatai, inasaidia kwa haraka kwa mtu mwenye mwili wa wastani. Wengine hutumia mkono: wanafunga kifungo, wanaingiza ngumi na kiwiko ndani ya ukanda, ukijaa sawasawa wanasema imekubali. Njia zote mbili zinakisia kiuno tu. Hazijui una kitambi, hazijui umecheza mpira miaka kumi na mapaja yako yamejaa. Kwenye suruali yenye mpira hazina maana kabisa, kwa sababu kiuno kinavutika.

Hatua ya tatu: kitambaa

Kigoma ina msimu wa mvua mrefu, kama kuanzia Oktoba hadi Mei, halafu kiangazi chenye vumbi jekundu. Kitambaa utakachochagua kitakutana na hayo mawili.

Kadeti ya pamba ndiyo ninayoipendekeza kwa matumizi ya kila siku. Inapitisha hewa, inavumilia kufuliwa, na fundi anaishona bila kulalamika. Itazame kwa karibu: kadeti nzuri ina mistari midogo ya mshazari iliyobanana, huoni matundu kati ya nyuzi. Jinzi ni imara zaidi ila ni nzito, na mvua ikikunyeshea asubuhi njiani utakaa nayo mbichi hadi jioni. Suruali ya kitambaa, ya ofisini au kanisani, mara nyingi ni poliesta iliyochanganywa na nyuzi nyingine. Inashika mstari wa pasi na haikunjiki ovyo, ila ikiwa poliesta tupu utatokwa jasho mapajani ukipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga kwa miguu. Kitani ni baridi na ni kizuri sana, lakini ukikaa kwenye basi saa moja unashuka umekunjamana. Kama huwezi kuvumilia hilo, achana nacho.

Vipimo vya kitambaa vya kufanya papo hapo mezani ni hivi. Shika sehemu ya paja, ikunje kwenye ngumi, hesabu taratibu hadi kumi, achia. Ikibaki na makunyanzi makali, ndivyo itakavyokuwa kila ukiinuka kwenye kiti. Kisha shika goti kwa mikono miwili, livute, liachie: likibaki limevimba, mpira wake umekufa, na suruali hiyo baada ya nusu siku itakuwa na magoti mawili yaliyotokeza hata ukisimama wima. Hili ni la kuangalia sana kwenye suruali za modo, zile za kubana mguu. Inyanyue pia uelekeze kwenye mwanga, utazame makalio na kati ya mapaja. Mwanga ukipita hapo zaidi ya unavyopita kwenye mguu wa chini, kitambaa kimelika, imebakiza siku chache ipasuke.

Rangi ijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji kidogo. Sugua sehemu ya ndani, kwenye pindo. Jinzi jeusi au la buluu iliyokoza litaacha alama kidogo, hiyo ni kawaida. Likipaka kitambaa kizima, litapaka na kiti cha watu na soksi zako.

Kama muuzaji anakuapia kuwa ni pamba tupu na bei yake inaendana na kiapo hicho, muombe uchomoe kauzi kamoja kwenye ziada ya ndani ya pindo. Kapeleke mbali na meza, kachome kwa kiberiti. Pamba huwaka, inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, inanuka plastiki na kuacha punje ngumu nyeusi. Sufu hunuka nywele. Zikichanganywa utapata vyote viwili, majivu na punje.

Hatua ya nne: igeuze ndani nje

Hapa ndipo suruali nzuri na ya hovyo zinapoachana, na ni wanunuzi wachache wanaofika hatua hii.

Anza na mshono wa nyuma, ule unaoshuka kutoka kiunoni katikati ya makalio. Kwenye suruali ya kitambaa iliyoshonwa kwa akili utakuta ziada ya nguo imeachwa ndani, inchi moja au zaidi pale juu, inapungua inaposhuka. Ziada hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuongeza kiuno ukinenepa. Isipokuwepo, suruali hiyo inaweza kupunguzwa tu. Kwenye jinzi na kadeti nyingi ziada haipo, mshono umekunjwa na kushonwa mistari miwili. Hapo angalia mistari yote miwili imekamilika, hakuna uzi uliokatika.

Vuta mshono wa msamba kwa mikono miwili, si kwa hasira, kwa nguvu ya mtu anayechuchumaa. Ukiona nyuzi zinachungulia na mshono unafunguka mdomo, sindano zimepigwa mbalimbali. Mishono inayofaa huwa kati ya 8 na 12 kwa inchi moja. Weka futi uhesabu, ni kazi ya muda mfupi. Kingo zote ziwe zimepigwa ovaloki au zimefunikwa. Ukingo uliokatwa ukaachwa hivyo hivyo utachanika nyuzi hadi ufikie mshono wenyewe.

Zipu ifungue na kuifunga mara kadhaa. Isikwame, na kichwa chake kikilala chini kisijifungue chenyewe. Maandishi YKK ni ya kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934 na zipu zake zina sifa nzuri, ila herufi hizo huigizwa, kwa hiyo mwendo wa zipu una ushahidi mzuri kuliko herufi. Zipu mbovu yenyewe si sababu ya kuiacha suruali. Fundi anabadilisha. Ni sababu ya kushusha bei.

Kona za mifuko zitazame kwa makini kwa sababu ndipo suruali ya mtu wa kazi inapoanza kuchanika. Tatizo hilo ni la zamani: Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Marekani, alianza kugongelea vipande vidogo vya shaba kwenye kona za mifuko ya suruali za vibarua ili zisichanike, na mwaka 1873 yeye na mfanyabiashara Levi Strauss wakapata hataza. Ndiyo chanzo cha zile shaba kwenye jinzi hadi leo. Kwenye suruali isiyo na shaba, kona hiyo iwe na mshono mfupi mzito uliorudiwa rudiwa mahali pamoja. Ingiza mkono mfukoni, ufike hadi chini. Kitambaa cha mfuko kiwe kigumu kiasi. Siku hizi simu ni nzito, na mfuko wa kitambaa chepesi hutoboka kabla suruali haijapauka.

Kwa mtumba ongeza sehemu tatu: pindo la nyuma linalokanyagwa na kisigino, kati ya mapaja, na alama ya pindo la zamani. Hiyo ya mwisho inawaponza wengi. Suruali ni fupi, muuzaji anakwambia fundi ataachia. Ni kweli ataachia, lakini pale palipokuwa pamekunjwa patabaki mstari uliopauka, na mstari huo hautoki kwa pasi wala kwa sabuni.

Hatua ya tano: ivae, kisha usome mikunjo

Mezani hakuna chumba cha kubadilishia. Siku ya kununua suruali vaa bukta nyepesi ndani, au nenda na kikoi. Usivae suruali juu ya suruali halafu ukaamini unachokiona.

Ukishaivaa, ipandishe mahali utakapoivalia kweli. Funga kifungo bila kuvuta pumzi. Vidole viwili viingie kiunoni bila taabu. Vikiingia vinne, ni kubwa lakini inarekebika. Halafu simama kawaida, mtu akupige picha mbele, nyuma na pembeni. Kioo kidogo cha muuzaji kinaonyesha mapaja tu, tena anakishika yeye kwa pembe anayoitaka.

Sasa soma. Mikunjo inayotoka msambani ikisambaa mapajani kama miale inasema pamebana. Mshono ukiwa na ziada, fundi anaweza kuachia nusu inchi hivi. Zaidi ya hapo, irudishe mezani. Mifuko ya pembeni ikichanua, nyonga zimebana, hata kama kiuno kinakutosha. Mshono wa nyuma ukiingia katikati ya makalio, msamba wa nyuma ni mfupi kwako, na huo hauna dawa: hakuna mahali pa kutoa nguo ya kuongeza. Ivue tu, hata kama ni rangi uliyoitafuta mwaka mzima. Kwa upande mwingine, kitambaa kikilala matabaka chini ya makalio, nyuma kuna nguo nyingi mno. Fundi mzuri anaiondoa, ila ni kazi ya kufumua ukanda wa kiuno, si ya kila fundi.

Pengo nyuma ya kiuno, huku mapaja na makalio yamekaa vizuri, ni habari njema. Hiyo ndiyo suruali ya kununua. Wenye mapaja makubwa waizoee: chukua namba ya paja, punguza kiuno. Usivuke inchi mbili tu, maana ukizidisha mifuko ya nyuma itasogeleana hadi ikaribie kugusana.

Angalia pia mshono wa pembeni unavyoshuka. Ukianza kwenye nyonga ukaishia mbele ya goti, nguo ilikatwa bila kufuata uzi wake. Utainyoosha kwa pasi, ukiifua inarudi kulekule.

Kisha jongea. Chuchumaa kabisa. Inua mguu kama unapanda bodaboda. Kaa. Ukikaa nyuma ikishuka hadi ukaona haya, msamba wa nyuma ni mfupi. Kama shughuli zako ni za Kibirizi, za kupanda na kushuka mitumbwi, jaribu kuikunja mguu hadi gotini: mdomo mwembamba hautapita shavu la mguu, utalowa. Vijana wa modo watanisamehe.

Wenye kitambi wana swali lao: juu ya tumbo au chini yake? Chini yake suruali itateleza kutwa na utakuwa unaivuta mbele za watu. Tafuta msamba mrefu, marinda mawili mbele, uivalie karibu na kitovu. Marinda yanafunguka ukikaa na kufunga ukisimama, kwa hiyo mapaja hayabani. Wengi wanayaona ya kizee. Mimi naona yamekaa kiutu uzima, na tofauti ipo.

Hatua ya sita: bei

Nenda mapema siku balo linapofunguliwa, kasoro zitaje kwa upole ukizionyesha kwa kidole, na usimwambie muuzaji umeipenda. Akisema, “Bosi, hii imetoka kwa ajili yako,” muulize tu zipu itagharimu kiasi gani kwa fundi. Jumlisha gharama ya fundi kwenye bei ndipo ulinganishe na nyingine. Suruali rahisi yenye matengenezo matatu huenda ikawa ghali kuliko ile uliyoiacha.

Hatua ya saba: kwa fundi

Ifue kwanza. Pamba hurudi, hata asilimia 3 tu kwenye mguu wa inchi 32 ni karibu inchi nzima, na hiyo inatosha kuonyesha soksi. Ikishakauka ndipo uende, tena ukiwa umevaa viatu utakavyoivalia. Pindo likae juu ya kiatu na kugusa kidogo mbele. Nyuma lifike mwanzo wa kisigino cha kiatu bila kusaga chini.

Maelezo yako yawe ya namba. “Fundi, nipunguzie kiuno inchi moja na nusu kwenye mshono wa nyuma, usikate ziada, ilaze ndani.” Ukisema “nipunguzie kidogo” atapunguza kidogo chake yeye. Pindo muombe aache angalau inchi moja na nusu ndani. Mdomo wa mguu kwa suruali ya kawaida ukiwa inchi 7 na nusu hadi 8 ikilazwa, haibani wala haipepei. Kipande kitakachokatwa kidai, kitafaa kwa kiraka cha rangi ileile.

Kazi zifuatazo usimlazimishe azifanye: kuongeza msamba, kupanua paja lisilo na ziada, kushusha ukanda wa kiuno. Fundi mwenye heshima atakukatalia mwenyewe. Anayekubali kila kitu bila kuigeuza suruali ndani nje, mtafutie sababu ya kuondoka.

Ukiamua kushonesha

Kwa nguo yenye upana wa sentimita 150, mwanaume wa wastani anahitaji mita 1.25 hadi 1.5, mrefu au mnene aongeze. Kitambaa cha pamba kiloweke maji na kukianika kabla ya kukipeleka. Mpelekee fundi ile suruali yako inayokaa vizuri aichukue vipimo, ni bora kuliko maelezo yoyote, na mwambie mambo matatu: aache ziada mshono wa nyuma, mifuko aishone kwa kitambaa kigumu, na msamba aurudie mara mbili. Omba kuijaribu ikiwa imeshikizwa tu, kabla hajapiga ovaloki.

Kuitunza

Igeuze ndani nje unapofua, na uianike kivulini ili isipauke. Vumbi letu jekundu likung'ute likiwa kavu. Ukililowesha kwanza linakuwa tope na kuingia kwenye nyuzi. Doa la mawese ndilo linalowashinda wengi. Likiwa bado bichi, futa mafuta kwa kitambaa kikavu, paka sabuni ya mche moja kwa moja kabla ya maji, sugua taratibu, suuza, rudia. Likibaki la rangi ya chungwa, usitupe suruali. Hapo ndipo ile kanuni ya kivuli inapovunjwa: anika doa likitazama jua kali, kwa sababu rangi ile ya mawese huharibiwa na mwanga, na litapungua siku hadi siku. Usipige pasi mpaka liishe, moto unalikaza.